Beta anayelala chini kila alfajiri: tangi la samaki katika baridi na maji ya Arusha

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mwezi Mei mwanangu wa miaka tisa aliletewa na mjomba wake samaki beta mwekundu kutoka Dar es Salaam. Tumemweka kwenye bakuli la kioo la lita tatu, juu ya meza iliyo karibu na dirisha. Kila asubuhi nambadilishia maji yote kwa maji ya bomba niliyoyachemsha na kuyapoza, maana niliambiwa samaki hawa hawahitaji kitu kingine zaidi ya maji safi. Wiki za mwanzo alikuwa mchangamfu. Sasa alfajiri namkuta amelala chini, mapezi ameyabana, na ifikapo mchana anaanza kuogelea kidogo. Je, anaumwa? Nikimtengenezea tangi, liwe la namna gani? Na je, nimtafutie mwenzake asiwe mpweke? — Mama wa mtoto mmoja, Sakina, Arusha.

JIBU: Marahaba, mama. Kwa maelezo uliyotoa, sidhani kwamba samaki wa mwanao ana maradhi ya kuambukiza. Samaki anayezorota alfajiri na kuchangamka mchana anakuonyesha saa ya tatizo lake, na saa hiyo ndiyo ambayo nyumba za Arusha huwa na baridi kuliko wakati mwingine wowote. Maradhi ya vijidudu hayafuati saa kiasi hicho. Kwa hiyo, kabla hujanunua chochote, tia kipimajoto ndani ya bakuli hilo saa kumi na mbili asubuhi, kisha tena saa tisa alasiri, uandike namba zote mbili. Nitashangaa ikiwa ile ya alfajiri itavuka nyuzi 20.

Beta, ambaye jina lake la kisayansi ni Betta splendens, asili yake ni Thailand, na nchi hiyo ilimtangaza kuwa mnyama wake wa majini wa taifa mwaka 2019. Huko huishi katika madimbwi, mifereji na mashamba ya mpunga, kwenye maji yaliyotulia ambayo joto lake linalomfaa ni nyuzi 24 hadi 28. Juu ya matamvua yake ana kiungo cha pekee, kiitwacho labirinthi, kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa moja kwa moja kama sisi, ndiyo maana anaweza kubaki hai katika maji yenye oksijeni kidogo ambayo samaki wengine wangekufa humo. Uvumi kwamba beta anatosheka na glasi ya maji umetokana na uwezo huo, lakini kustahimili si kustawi. Ukitaka kuyaona mazingira yanayofanana na makazi yake, siku ukishuka Moshi pita Mabogini au Chekereni uyatazame majaruba ya mpunga: maji ni ya kina kifupi, ni kweli, ila ni mapana, yamejaa mimea, na jua limeyapasha moto. Hakuna jaruba la lita tatu.

Arusha mjini tuko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika usiku wa Juni hadi Agosti joto la nje hushuka mara nyingi hadi nyuzi 12 au 13. Nyumba nyingi za kwetu hazina kipasha joto, madirisha ni ya kioo kimoja, na bakuli la lita tatu lililo karibu na dirisha hufuata joto la chumba kwa saa chache tu. Mwili wa samaki hauna joto lake wenyewe. Maji yakishuka chini ya nyuzi 22, umeng'enyaji wa chakula hupungua, kinga ya mwili hudhoofika, naye hubana mapezi na kulala chini ili kupunguza matumizi ya nguvu. Baridi hiyo ikidumu kwa wiki kadhaa, ndipo kuoza kwa mapezi na ukungu wa mwilini hufuata, na wakati huo watu husema samaki ameugua ghafla.

Jambo la pili ni yale maji unayoyabadilisha yote kila siku. Nia ni njema, lakini kila asubuhi samaki huyu anahamishwa kutoka ulimwengu mmoja wa maji hadi mwingine, wenye joto jingine na kemia nyingine, bila kupewa muda wa kuzoea. Kuchemsha nako hakukusaidii kama unavyodhani. Ni kweli klorini huondoka, lakini maji ya maeneo mengi yanayouzunguka mlima Meru yamebeba magadi kutokana na miamba ya volkano, na maji ya namna hiyo yakichemshwa hupoteza hewa ya kaboni iliyoyeyuka ndani yake, hivyo pH yake (namba ya kupimia uchachu au umagadi wa maji) hupanda badala ya kushuka. Tena, maji ya Meru yanajulikana kwa wingi wa madini ya floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya kunywa, na vyanzo kadhaa vya mlima huu vimepimwa vikazidi hapo mara nyingi. Ndiyo sababu kule Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, ambako mkaa wa mifupa umetumika kwa kazi hiyo. Kuchemsha hakuondoi floridi hata kidogo. Mvuke ukishapaa, ile iliyobaki kwenye sufuria inakuwa nzito zaidi. Na mkaa wa kawaida wa jikoni haushiki floridi, kwa hiyo asikuuzie mtu mfuko wa mkaa kwa ahadi hiyo.

Je, floridi inamdhuru beta? Kwa samaki kwa ujumla, floridi hudhuru zaidi pale maji yanapokuwa na kalsiamu kidogo, na maji yetu ya magadi mara nyingi yana kalsiamu kidogo. Sitaki kukutisha, kwa sababu beta wengi wanaishi Arusha vizuri, lakini ningependa upunguze mzigo huo kwa kuchanganya. Mimi mwenyewe, nilipohamia huku kutoka Moshi, niliwapoteza beta wawili ndani ya mwezi mmoja kwa kuamini kwamba maji ni maji. Kule Moshi nilikuwa nikitumia maji ya chemchemi za upande wa Kilimanjaro, ambayo kwa kawaida ni laini na yana floridi kidogo. Hapa nilifungua bomba nikajaza tangi siku ileile. Tangu hapo natumia nusu maji ya bomba yaliyolala na nusu maji ya mvua, na sijapata tena msiba wa aina ile.

Maji ya mvua yana masharti yake. Mabati yaliyopakwa zinki huachia zinki kidogo kwenye maji, na zinki ni sumu kwa samaki, hasa bati likiwa jipya na mvua ikiwa ya kwanza baada ya kiangazi. Acha mvua ya kwanza ya vuli au ya masika ioshe paa, kinga ile ya siku zinazofuata, tena katika ndoo ya plastiki na si ya bati. Usimpe maji ya mvua matupu, maana hayana madini ya kushikilia pH isiyumbe. Huna pa kukingia? Nunua maji ya kunywa ya chupa kubwa, usome kibandiko chake: floridi na pH huandikwa pale, nawe utachagua yenye floridi ya chini. Maji ya bomba unayochanganya yalaze saa 24 katika ndoo iliyo wazi ili klorini iruke, au tumia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, ambayo mimi nayapenda zaidi kwa sababu yanafanya kazi papo hapo na hayategemei kumbukumbu ya mtu. Usihangaike kuifikisha pH kwenye namba ya kitabuni. Beta huzoea pH ya 7.8 iliyotulia kuliko 7.0 inayopanda na kushuka kila wiki kwa sababu ya kemikali ulizomwaga.

Sasa tangi lenyewe. Fundi wa vioo na aluminiamu wa mtaani kwako anaweza kukutengenezea kwa bei ya chini kuliko tangi la dukani, ukimpa vipimo hivi: urefu sentimita 40, upana 25, kimo 25, kioo cha milimita 5. Hilo linabeba lita 25 likijaa, nawe utalijaza lita 22 hivi. Msisitizie jambo moja tu, kwamba silikoni iwe ile tupu isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni za bafuni nyingi zina dawa hiyo, na dawa inayoua ukungu haitamwacha samaki salama. Kisha tangi likauke siku saba, lijazwe maji, likae siku mbili kwa kupima kama linavuja, nayo yamwagwe. Kumbuka kwamba likijaa, pamoja na kioo na changarawe, litakuwa na uzito unaozidi kilo 30, hivyo kile kimeza cha dirishani hakifai. Liweke ukutani, mbali na mlango, mbali na jua la moja kwa moja linaloleta mwani, na mbali na jiko kwa sababu ya moshi na mafuta.

Agiza mfuniko pamoja na tangi. Beta huruka, na wengi wao huokotwa sakafuni wakiwa wamekauka. Kwa Arusha mfuniko una kazi ya pili, ambayo watu wa Dar es Salaam hawaihitaji sana: samaki anayevuta hewa juu ya maji ya nyuzi 26 hapaswi kuvuta hewa ya nyuzi 15. Acha nafasi ya sentimita tatu hadi tano kati ya maji na mfuniko, pamoja na tundu dogo la kupitisha nyaya, na hewa iliyo katikati itabaki na joto na unyevu.

Hita ni ya lazima. Kwa lita 25 chukua hita ya wati 50 yenye kidhibiti joto, iweke kwenye nyuzi 26, na usiiamini bila kipimajoto cha pembeni, kwa sababu za bei rahisi husema 26 nayo maji yako 30. Najua utauliza kuhusu LUKU. Hita hiyo ikiwaka nusu ya siku, ambayo ni hali ya kawaida katika miezi ya baridi tangi likiwa limefunikwa, itakula uniti 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa mwezi. Januari na Februari itashuka sana. Umeme ukikatika usiku, funika tangi kwa blanketi pande zote isipokuwa juu kidogo pa kupitisha hewa. Lita 22 zilizofunikwa hupoa polepole, na kwa kuwa beta anavuta hewa ya juu, pampu kuzimika kwa saa chache hakumwui. Siku ya kwanza ya kumhamisha, usimtoe kwenye nyuzi 18 ukamtupa kwenye 26. Weka maji ya tangi sawa na ya bakuli, umhamishe, ndipo upandishe nyuzi mbili kwa siku hadi ufike.

Nimefikia sehemu ambayo wafugaji wengi wapya huteleza, nayo ndiyo inayohitaji subira kuliko fedha. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake, kupitia matamvua na kinyesi chake, na chakula kilichobaki huoza kikaongeza nyingine. Katika bakuli lako amonia haikupata nafasi ya kujaa kwa sababu ulimwaga maji yote kila siku. Katika tangi jipya, ambalo hutalimwaga, itajaa, na mtu hushangaa kwamba samaki alikuwa nafuu kwenye bakuli. Tangi huwa salama pale bakteria wa aina mbili wanapojenga makazi ndani yake: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango cha wastani na ambayo wewe utaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huja wenyewe, lakini huchukua wiki nne hadi sita katika maji ya nyuzi 26, na zaidi ya hapo katika maji ya baridi. Kwa maji ya Arusha jambo hili lina uzito wa ziada. Amonia ikiwa katika maji ya pH 7, ni chini ya asilimia moja tu ya hiyo iliyo katika umbo lenye sumu kali. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia tano, na kwenye 8.5 inakaribia asilimia 15. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kinaweza kumchoma matamvua samaki wako.

Kwa hiyo tafuta filta ndogo ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, yenye mkondo dhaifu, kwa sababu beta mwenye mapezi marefu akisukumwa na maji mchana kutwa huchoka na hata kuanza kujing'ata mkia. Mkondo ukizidi, bana mpira wa hewa kwa kibano. Ukimfahamu mtu mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wenye afya, mwombe sponji lake lililotumika, hata kipande cha ukubwa wa kiganja, ulilete likiwa limelowa ndani ya maji yake; utakuwa umeokoa wiki tatu. Sisi wa huku tuna neema nyingine ambayo hatuithamini: mawe mepesi ya volkano yenye vitundu vingi, ambayo huonekana kwenye makorongo na machimbo ya moramu. Yaoshe hadi maji yatoke meupe, yachemshe, yapange nyuma ya filta, na kila kitundu kitakuwa chumba cha bakteria. Mchanga wa ujenzi uliooshwa vizuri unafaa kwa sakafu. Jiwe au changarawe usiyoijua idondoshee siki: ikitoa povu ina chokaa, iache, na makombe ya baharini yaache vilevile, maana yatapandisha pH ambayo tayari iko juu.

Filta hiyo usiioshe bombani kamwe. Kila wiki toa robo ya maji ya tangi kwenye ndoo, kamua sponji humo mara mbili tatu, lirudishe, kisha jaza maji mapya yaliyolazwa na kupashwa moto hadi yafanane na ya tangini. Kwa sababu wewe unaanza na samaki tayari mkononi, wiki sita za mwanzo fanya hivyo kila baada ya siku moja, na upime amonia kwa vipimo vya matone, ambavyo visipopatikana Arusha huagizwa Dar es Salaam au Nairobi. Ukiona amonia au nitriti imevuka miligramu 0.25 kwa lita, badilisha theluthi ya maji siku hiyohiyo. Na mtu akikushauri ufungue kapsuli ya tetrasaiklini ya duka la dawa uimwage ndani, mkatalie kwa heshima. Nimeona matangi kadhaa yakirudishwa mwanzo kwa dawa hiyo, kwani inaweza kuwaua na hao bakteria unaowangoja.

Kuhusu mapambo, kwanza jani la mkungu, yaani mti wa mkungu (Terminalia catappa), si mkungu wa ndizi. Watu wa Thailand hutumia majani makavu ya mti huu katika maji ya beta, nasi tunao mingi pwani. Mwombe huyo mjomba aokote majani yaliyoanguka yenyewe, yaliyokauka yakawa ya kahawia, mbali na barabara yenye magari mengi. Jani moja la ukubwa wa kiganja, lililosuuzwa, litayapa maji rangi ya chai hafifu na kumpa samaki kivuli cha kupumzikia. Haliponyi kila kitu kama wauzaji wanavyodai, lakini samaki hutulia. Mimea hai ni bora kuliko ya plastiki, ambayo ncha zake huchana mapezi. Ukinunua ya plastiki, ipitishe kwanza juu ya soksi nyembamba, na ikinasa, haifai. Ila mimea usiitoe kwenye mifereji ya umwagiliaji. Mimea hiyo huja na konokono, na katika maeneo yetu baadhi ya konokono wa maji baridi hubeba kichocho, jambo ambalo sitaki likaribie mikono ya mtoto wa miaka tisa.

Chakula ni punje za beta, mbili au tatu asubuhi na mbili au tatu jioni, kwa sababu tumbo lake halizidi sana ukubwa wa jicho lake. Siku moja kwa wiki asile. Mkate, ugali na wali si chakula chake, kwani huyu ni mla wadudu. Viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye ndoo yako mwenyewe ya maji ya mvua ni karamu kwake, mradi vyote viliwe siku hiyo, visije vikawa mbu wenu.

Mwenzake usimtafutie. Dume la beta hana upweke. Akimwona dume mwingine watapigana hadi mmoja aharibike, na jike naye hatavumiliwa katika lita 22 nje ya siku za kuzaliana. Samaki wa dhahabu, ambao wauzaji hupenda kuwaongeza, wanataka maji ya baridi zaidi, tangi kubwa zaidi, na wanachafua kupita kiasi. Kama mtoto anataka kumwona akitanua mapezi, mwonyesheni kioo kwa dakika mbili, kisha kiondolewe. Beta anayetunzwa vizuri huishi miaka miwili hadi minne, na wengi wanapouzwa tayari wana miezi sita au zaidi.

Wakati fundi anatengeneza tangi, anza leo na haya: ondoa bakuli dirishani, liweke ndani zaidi ya chumba, lifunike kwa ubao wenye nafasi ya hewa, na usiku lizungushie kitenge kilichokunjwa mara nne. Acha kuchemsha maji. Badilisha nusu badala ya yote, kwa maji yaliyolala chumba hichohicho na bakuli ili joto lilingane, na uyamimine taratibu kwa kikombe. Ukishapata zile namba mbili za kipimajoto pamoja na pH ya maji yako ya bomba, niandikie. Ikiwa joto limepanda, naye kwa siku tano bado amebana mapezi, au ukaona madoa meupe kama chembe za chumvi mwilini mwake, hapo tutazungumza habari za dawa.